Pumzi Moja

Muuza machungwa ndiye aliyeliona kwanza.
"Bi Malsun, shingo yako imemeza nini?"
Nikamwambia, miaka hamsini na mitatu nameza chumvi
ya bahari hii ya Jeju, labda imeganda.
Hakucheka.

Daktari Hyeon ni kijana, rika la vazi langu la mpira,
lile lililotoboka magotini.
Akanipaka ute wa baridi, akapitisha kitu mfano wa pasi ndogo,
na kwenye kioo nikaona maji ya kijivu,
na chini kabisa, jiwe.
Milimita kumi na sita, akasema.
Mimi mawe nayajua. Kuna mawe ambayo ni mawe tu,
na kuna mengine, ukiyapindua, yana mguu.

"Tutalichoma kwa sindano, tuchote punje tukaisome."

Kisha akataja hatari zake
kama muuza samaki mwaminifu anayeanza na samaki aliyelala:
Utauma kidogo.
Ngozi itavilia, itapiga rangi ya biringani siku tatu, nne.
Damu kuvuja ndani ikabana koo, ni nadra,
ndiyo sababu utakaa hapa nusu saa kabla ya kwenda zako.
Usaha, nadra zaidi.
Na huenda nikachota nisipate kitu, turudie.
(Hilo halikunitisha. Mara ngapi nimezama
nikaibuka na kiganja cha mchanga.)

"Na sauti?"
Kwa maana sisi tukitoka chini tunapiga mluzi,
pumzi iliyochoka ikitoka, na kwa mluzi huo
wenzangu wanajua ni mimi, na kwamba nipo.
"Mshipa wa sauti uko nyuma, nitaiona sindano njia nzima.
Sijawahi kumharibia mtu sauti.
Lakini siwezi kukuapia."
Kwa hiyo "lakini" nikamwamini.

"Unakunywa dawa gani?"
"Sinywi."

Akaandika. Akauliza presha, akauliza mzio,
akazunguka weee, akarudi mlango wa nyuma:
"Na kichwa kikikuuma, bi, ukitoka majini?"
Binti yangu Gyeongsim akatazama dirishani.
Aspirini. Mbili kila alfajiri, kabla ya maji,
tangu huyo Gyeongsim yuko tumboni.
Damu yangu, kumbe, nimeifanya nyepesi kama supu ya mwani
na hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Siku saba akanirudisha nyumbani.
Siku saba za kichwa, nimekaa juu ya ukuta wa mawe meusi
nikihesabu miluzi ya wengine:
huyo Chunil, huyo Okhwa, huyo tena Okhwa,
anarudi juu mapema mno siku hizi.

Siku yenyewe nikawekewa mto chini ya mabega,
shingo nje kama bata wa sikukuu.
"Usimeze. Usiongee. Ukiweza, zuia pumzi kidogo."
Kijana wewe.
Nikafumba macho nikashuka.
Sindano ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi;
iliingia, ikacheza huku na huku
kama mdomo wa ndege topeni, ikatoka.
Ikaingia tena. Ya tatu iliuma hadi sikioni,
hilo hakuwa amelisema.
"Tayari, bi, pumua."
Nilikuwa bado mbali, penye giza la kijani,
sikuona haraka ya nini.
"Bi? Bi Malsun?"
Muuguzi akanishika kifundo cha mkono.
Nikaibuka. Mluzi ukatoka mrefu, wote,
hadi yule mzee kwenye korido akauliza kuna birika wapi.

Majibu ni Alhamisi. Jiwe au mguu, sijui,
na usiku shingo inapwita chini ya plasta.
Jana kwenye kibanda cha kuota moto
wakataka kuona biringani langu, wakaniuliza niogope nini, tuogope nini.
Nikawaambia: akikuuliza dawa, taja.
Kukawa kimya. Moto ukalia.
Okhwa akatoa pakiti kwenye soksi, akaitazama,
akairudisha.